Mhusika Yupi Anafanana Nawe? Hulka na Mwenendo katika Anime za Ajabu

Miongoni mwa michezo inayopendwa na vijana wanaotazama filamu za katuni za Kijapani, zile ziitwazo anime, umo mmoja ambao wahakiki wa fasihi wameupita bila kuutupia jicho. Mchezaji hupewa hojaji yenye maswali kumi au kumi na mawili. Rafiki yako akishambuliwa, utamrukia adui papo hapo au utakaa kwanza kupanga shauri? Wapenda mchana au usiku? Ukipewa siri, utaitunza kwa muda gani? Majibu yakiisha kujumlishwa, mchezaji huambiwa jina: wewe ni Ashitaka, wewe ni San, wewe ni Edward Elric. Chini ya jina huwekwa sifa nne au tano, na aghalabu mchezaji hufurahi, kwa kuwa ameambiwa kwamba yeye ni shujaa.

Jambo hili linastahili uchunguzi kuliko linavyoonekana. Hojaji ya namna hiyo ni nadharia ya mhusika, ingawa haijiiti hivyo. Inadai kwamba mhusika ni fungu la sifa zilizokwisha kukamilika kabla hadithi haijaanza, na kwamba mtu halisi naye ni fungu la sifa za aina hiyo hiyo, hata mafungu hayo mawili yaweza kuwekwa katika mizani moja. Wala nadharia hiyo haikai kwa vijana peke yao. Imo madarasani. Mwanafunzi anayeulizwa katika mtihani aeleze mhusika mkuu wa riwaya huandika: ni mpole, ni mkarimu, ni mvumilivu, ana msimamo, kisha huweka nukta na kuhamia kwa mhusika wa pili. Mwalimu humpa alama zake. Tofauti kati ya jibu hilo na hojaji ya anime ni ndogo mno, na kama ipo, ni kwa hasara ya mwanafunzi, maana yule mwenye hojaji angalau amejiuliza habari hiyo inamgusa vipi yeye mwenyewe.

Chimbuko la mchezo

Mchezo huu haukuzuliwa na watazamaji tu; watengenezaji wa katuni waliutengenezea njia. Huko Japani imani kwamba kundi la damu hutambulisha tabia ya mtu ilivikwa vazi la kitaalamu mwaka 1927, Takeji Furukawa alipochapisha makala kuhusu jambo hilo, nayo ikaenea sana baada ya kitabu cha Masahiko Nomi cha mwaka 1971. Watu wa damu A husemwa kuwa waangalifu, wa B kuwa huru na wabishi, wa O kuwa wachangamfu, wa AB kuwa watu wa pande mbili. Wanasayansi hawakuthibitisha uhusiano wowote wa maana kati ya damu na tabia, lakini waandishi wa katuni waliupenda utaratibu huo kwa sababu unafupisha kazi. Katika Sailor Moon ya Naoko Takeuchi, iliyoanza kuchapishwa mwishoni mwa mwaka 1991 na kuonyeshwa kwenye televisheni kuanzia mwaka 1992, kila msichana ana siku yake ya kuzaliwa, rangi yake, mwezi au sayari inayompa nguvu, na kundi lake la damu: Usagi ni O, Ami ni A, Rei ni AB, Makoto ni O, Minako ni B. Mmoja ni mwepesi wa kulia na kula, wa pili msomi, wa tatu mkali, wa nne mwenye mabavu na hodari wa kupika, wa tano apenda umaarufu. Msichana anayetazama hualikwa kumchagua wake, na aliyechaguliwa ana fimbo yake dukani.

Utaratibu huo si aibu. Hadithi za watoto za kila taifa hugawa sifa kwa mafungu, na anayemsikiliza Sungura au Fisi hategemei kumwona Fisi akitubu. Kwa sadfa, mwaka ule ule wa 1927 ndipo E. M. Forster alipotoa mihadhara yake kuhusu riwaya na kutofautisha aina mbili za wahusika, ambazo wahakiki wa Kiswahili wameziita bapa na duara. Mhusika bapa hubebwa na wazo moja, wala hamshangazi msomaji; mhusika duara huweza kushangaza na bado akasadikika. Hojaji inamfaa mhusika bapa kama ala inavyoufaa upanga wake. Taabu inaanza pale inapomchukua mhusika duara na kumlaza ubapa ili aingie.

Kwa nini basi mchezaji huridhika na jibu? Sehemu ya maelezo ilipatikana zamani. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Mmarekani Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 hojaji ya tabia, kisha akampa kila mmoja maelezo yaliyosemekana kuwa yake peke yake. Kumbe wote walipewa maandishi yale yale, mengi yakiwa yametolewa katika kitabu cha unajimu. Walipotakiwa kupima usahihi wake kuanzia 0 hadi 5, wastani ulikuwa zaidi ya 4. Maneno mapana humwenea kila mtu, hasa yakimsifu kidogo na kumlaumu kidogo. Hojaji za anime hufuata kanuni hiyo, na hata zile zinazokopa aina 16 za tabia za Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers, zenye asili katika kitabu cha Carl Jung cha mwaka 1921, hazitoki nje ya njia hiyo. Lakini maelezo ya saikolojia yanatosha kumfafanua mchezaji tu. Hayamfafanui mhusika, na mhusika ndiye anayedhulumiwa hapa.

Kiswahili kinasemaje?

Mwanafunzi wa Kongo aghalabu hukutana na filamu hizi kwa lugha ya Kifaransa, na Kifaransa kina mtego wake. Maneno personnage na personnalité yametoka katika shina moja, hata ni rahisi kudhani kwamba kumweleza wa kwanza ni kuitaja ya pili. Kiswahili hakina undugu huo. Neno mhusika halikutoka katika mtu wala katika nafsi. Limetoka katika kitenzi kuhusika. Mhusika ni yule ambaye jambo linamhusu: limemkuta, limemshika, hawezi kujitenga nalo. Kwa neno hilo peke yake Kiswahili kimekwisha kusema kwamba jambo hutangulia, na kwamba mtu huonekana ndani ya jambo.

Kwa upande wa mtu, lugha ina maneno kadhaa ambayo hojaji inayachanganya. Hulka ni umbile la ndani, lile ambalo mtu amezaliwa nalo. Haiba, neno lililotumika zamani kwa heshima na mvuto wa mtu mbele ya watu, siku hizi hutumiwa na wanasaikolojia kwa nafsi yote inavyoonekana. Tabia, neno la Kiarabu lenye maana ya maumbile, katika Kiswahili limepanuka hata likakusanya umbile na mazoea pamoja. Ndiyo maana mzazi husema kwamba mtoto ana tabia mbaya na papo hapo akatumaini kuirekebisha, jambo ambalo lisingekuwa na maana kama tabia ingekuwa umbile tupu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kisha kuna mwenendo, neno lililotoka katika kwenda: namna mtu anavyokwenda, njia anayoifuata hatua kwa hatua. Mwenendo hauulizwi mtu akiwa ameketi. Husubiriwa aondoke.

Hojaji huuliza hulka. Anime bora za ajabu huonyesha mwenendo. Hilo ndilo kosa la mchezo huu, na linaonekana wazi zaidi katika kazi zile zile ambazo hojaji huzipenda.

Bibi wa mji wa chuma

Princess Mononoke ya Hayao Miyazaki ilitoka mwaka 1997. Kijana Ashitaka anamuua nguruwe mwitu mkubwa, mungu aliyegeuka pepo, ili kukiokoa kijiji chake, na kwa kumgusa anapata laana katika mkono. Ndani ya mwili wa nguruwe inakutwa risasi ya chuma. Ashitaka anafukuzwa kwa desturi, anakata nywele zake, anakwenda magharibi kutafuta risasi hiyo ilikotoka. Inatoka katika mji wa kuyeyusha chuma unaotawaliwa na Bibi Eboshi. Msituni anaishi San, binadamu aliyelelewa na mbwa mwitu, anayetaka kumuua Eboshi kwa sababu mji unaila misitu.

Hojaji za filamu hii hutoa majibu mawili zaidi ya yote. Mpole mwenye haki huambiwa ni Ashitaka. Mkali mwenye uaminifu huambiwa ni San. Eboshi akitajwa, hupewa sifa ya uongozi na ukatili, akawekwa kwa ajili ya wachezaji waliojibu vibaya.

Mwenye kumtazama Eboshi kwa dakika kumi anaona kwamba sifa hazimshiki. Amewakomboa wanawake kutoka madanguro kwa fedha yake na kuwapa kazi ya kukanyaga mivukuto, mchana na usiku kwa zamu, nao hawamwogopi mwanamume yeyote. Amewachukua wagonjwa wa ukoma waliotupwa na kila mtu, akawapa makao na kazi. Mmoja wao, aliyefungwa vitambaa mwili mzima, anamwomba Ashitaka asimuue bibi huyo, kwa kuwa ndiye pekee aliyewaona kuwa watu na kuviosha vidonda vyao. Kazi yenyewe waliyopewa wagonjwa ni kutengeneza bunduki. Na bunduki hizo ndizo zinazowaua miungu wa msitu, hadi Eboshi mwenyewe anapokipiga risasi kichwa cha mungu mkuu.

Je, Eboshi ni mkarimu au mkatili? Mwanafunzi wa mtihani angeandika vyote viwili na kuongeza kwamba mhusika huyu ana utata. Huo si utata. Ni mwenendo mmoja ulionyooka. Ili kuwakomboa wanawake inahitajika fedha. Fedha inatoka katika chuma. Chuma kinahitaji mchanga wa mlimani na makaa. Makaa yanahitaji miti. Miti ina wenyewe, nao wanapigana. Kwa hiyo inahitajika bunduki. Mkono unaoosha kidonda ndio unaovuta kifyatulio, na katika kila hatua mwenye mkono hakubadili hulka yake hata kidogo. Kinachomweleza ni mnyororo, si sifa. Miyazaki hamhukumu kwa kifo pia: Eboshi anapoteza mkono, anabaki hai, anawaambia watu wake kwamba wataujenga mji upya, mji ulio mwema zaidi.

Msomaji wa Lubumbashi anayo sababu ya pekee ya kuitazama filamu hii bila haraka. Mji wake ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na karne nyingi kabla ya hapo mafundi wa Katanga walikuwa wakiyeyusha madini ya shaba kwa makaa ya miti. Hata leo makaa, au makala kama yanavyoitwa mjini humo, huingia katika magunia yaliyofungwa juu ya baiskeli, na msitu wa miombo unazidi kurudi nyuma. Kijana wa mji huo akiijaza hojaji, yaelekea ataambiwa kuwa ni San, naye atafurahi kupanda mbwa mwitu kwa muda. Lakini jambo linalomhusu, kwa maana kamili ya kitenzi hicho, ni la Toki, yule mwanamke mwenye maneno makali anayekanyaga mvukuto na kumgombeza mumewe, anayekula kwa chuma na hawezi kula vingine. Ni nadra hojaji kumpa mchezaji jina la Toki. Hana pambo, hana laana, hana mnyama wa kupanda. Hata hivyo filamu ingeanguka bila yeye, kwa sababu ndiye anayelipa uzito swali la Ashitaka: msitu na mji vitaishije pamoja? Swali hilo halina maana kwa mtu ambaye amekwisha kuchagua upande kwa kujaza mraba wa kupenda wanyama.

Majina yaliyobandikwa

Huenda mtetezi wa hojaji akasema kwamba Miyazaki ni wa pekee, na kwamba anime nyingine zimewabandika wahusika sifa waziwazi. Mfano ulio mzuri kwake ni Fullmetal Alchemist ya Hiromu Arakawa, iliyochapishwa kuanzia mwaka 2001 hadi 2010. Humo wapo viumbe saba waliotengenezwa kwa alkemia, kila mmoja akiwa na jina la dhambi kuu mojawapo, zile zile zinazofundishwa katika katekisimu: Kiburi, Uchoyo, Uasherati, Husuda, Ulafi, Ghadhabu, Uvivu. Mwumba wao, anayeitwa Baba, alizitoa dhambi hizo ndani yake mwenyewe ili abaki safi. Hapa basi sifa ndiyo jina, na jina ndilo mtu. Hojaji gani ingetaka zaidi?

Kwanza kuna tatizo la hesabu. Kazi hiyo iligeuzwa anime mara mbili: mwaka 2003, wakati kitabu kilikuwa bado hakijaisha na watengenezaji wakajitungia mwisho wao, na mara ya pili kati ya mwaka 2009 na 2010 kwa kukifuata kitabu. Katika ile ya kwanza mkuu wa nchi, King Bradley, ni Kiburi. Katika ile ya pili mtu huyo huyo, mwenye uso ule ule na panga zile zile, ni Ghadhabu, na Kiburi ni mtoto anayelelewa nyumbani kwake. Mchezaji anayeambiwa kwamba yeye ni Ghadhabu hajaambiwa kitu mpaka aulize mwaka. Kama jina la sifa laweza kuvuliwa kwa mtu na kuvikwa mwingine, basi halikuwa kiini chake.

La pili ni zito zaidi. Arakawa anawapa majina hayo ili kuona yatadumu kwa muda gani. Bradley anayeitwa Ghadhabu ni mtu mtulivu. Tangu utotoni alilelewa awe mtawala. Kila kitu alipewa, hata jina, na anapokufa anakumbuka kitu kimoja tu ambacho alijichagulia mwenyewe, nacho ni mke wake. Husuda, anayewacheka binadamu kwa unyonge wao, anavunjika pale Edward Elric anapotambua kwamba anawaonea wivu binadamu hao hao. Na Uchoyo, Greed, ndiye kilele cha kazi yote. Anataka vyote: mali, mamlaka, watu, uhai usio na mwisho. Anafutwa na kuzaliwa upya katika mwili wa kijana Ling, kumbukumbu zake zikiwa zimeoshwa. Lakini anapomuua mmoja wa wafuasi wake wa zamani bila kumtambua, kumbukumbu zinarudi kwa nguvu, maana mchoyo hakubali kupoteza kilichokuwa chake, na rafiki alikuwa chake. Mwishoni mtu huyu aliyejigamba siku zote kwamba hasemi uongo, anamdanganya Ling mara moja tu, ili amsukume nje na kufa peke yake.

Ikiulizwa hulka, Greed hakubadilika. Ni mchoyo hadi pumzi ya mwisho. Kilichobadilika ni uchoyo huo ulikokwenda. Hakuna hojaji inayoweza kulikamata hilo, kwa sababu mraba wa uchoyo utajazwa sawasawa mwanzo na mwisho, na katikati kutakuwa kumepita maisha mazima. Hata kugawanya wahusika kuwa bapa na duara hakutoshi hapa: Greed ni bapa kwa sifa na duara kwa njia. Labda wahakiki wa Kiswahili wanahitaji neno la tatu, na huenda lipatikane upande wa mwenendo kuliko upande wa maumbo ya kijiometria.

Katika kazi hiyo hiyo limo tukio linaloligusa swali la hojaji moja kwa moja, nalo halimo katika vita. Alphonse, mdogo wake Edward, alipoteza mwili wote katika jaribio la kumfufua mama yao. Roho yake imefungwa katika deraya tupu. Hali, halali, haoni baridi. Adui mmoja anamtia wasiwasi: je, wajuaje kwamba uliwahi kuwa mtu? Huenda kumbukumbu zako zote zilibuniwa na kaka yako. Alphonse angeweza kujihesabia sifa zake, kwamba ni mpole na anapenda paka, na zisingemsaidia, kwa kuwa sifa hubuniwa kwa urahisi kuliko kitu chochote. Kinachomrudisha ni ugomvi. Anapigana na kaka yake, na katika kupigana wanakumbushana magomvi ya utotoni, hata lile la nani atamwoa Winry. Wote wawili wanayakumbuka kwa upande wake kila mmoja, na pande hizo mbili zinalingana.

Asiye na uso

Spirited Away, inayojulikana kwa Kifaransa kama Le Voyage de Chihiro, ilitoka mwaka 2001 na kupata tuzo kuu ya Berlin mwaka 2002 na Oscar mwaka 2003. Chihiro, msichana wa miaka kumi, anaingia katika nyumba ya kuogea ya miungu baada ya wazazi wake kugeuzwa nguruwe. Ili apate kazi humo lazima atie sahihi mkataba, na mchawi Yubaba ananyang'anya sehemu ya jina lake. Tangu hapo anaitwa Sen. Anayesahau jina lake la kwanza hatoki tena.

Mwanzoni Chihiro angefeli kila hojaji. Ni mwoga, ananuna, anashikilia mkono wa mama yake hata kutembea kunamshinda mama. Filamu haimpi sifa mpya kama thawabu; inampa kazi. Anasugua beseni, anabeba makaa, anauvuta mwiba uliochoma ubavu wa mgeni mwenye matope, ambaye anageuka kuwa mungu wa mto aliyejaa takataka. Ujasiri wake haupo popote isipokuwa katika kazi hizo. Kijana wa Kisangani au wa Bukavu ambaye hakuwahi kuona hamamu ya Kijapani anamwelewa bila taabu, na hapa yafaa kuwatendea haki wapenzi wa hojaji: hamu ya kujiona katika mtoto wa nchi ya mbali si hamu mbaya, ni mlango wa fasihi wenyewe. Lawama ni kwamba hojaji huufunga mlango huo mara mtu anapoweka mguu kizingitini, kwa kumpa jina na kumwambia amefika.

Katika nyumba hiyo anaingia pia Kaonashi, asiye na uso. Hana sifa hata moja. Amesimama mvuani, Chihiro anamwachia mlango wazi, naye anaingia. Anameza chura na kuanza kusema kwa sauti ya chura. Anaona watumishi wanapenda dhahabu, anatoa dhahabu, nayo baadaye inakuwa udongo, wanamchekea, anawala. Kila alicho nacho amekipata kwa waliomzunguka, na nyumba inapomchukia anakuwa jinsi nyumba ilivyo. Kati ya wahusika wote wa Miyazaki huyu ndiye anayemfanana zaidi mtu anayejaza hojaji usiku baada ya usiku, akitafuta jina la kuvaa, ingawa hakuna mchezaji anayetaka kuambiwa hivyo. Chihiro hamwambii yeye ni nani. Anamtoa nje ya nyumba ile, anampandisha treni, na kwa bibi Zeniba anapewa uzi wa kusokota. Anasokota vizuri, anabaki huko.

Haku naye, kijana anayemtumikia Yubaba, amekwisha kusahau jina lake. Anamkumbuka Chihiro bila kujua sababu. Chihiro ndiye anayelikumbuka jina: alipokuwa mdogo alitumbukia katika mto Kohaku alipokuwa akifuata kiatu chake, na mto ukambeba hadi penye kina kifupi. Mto huo ulifukiwa, nyumba za ghorofa zikajengwa juu yake. Anapomtajia, magamba ya joka yanampukutika Haku wakiwa angani, na wote wawili wanaanguka wakiwa wameshikana mikono.